Lugha Isiyo na Lafudhi

Korosho zikifika ghalani hapa Lionja, kusini mwa Tanzania, hupimwa, huuzwa mnadani, na mkulima hulipwa kwa hesabu ya kilo mara bei, kutoa makato. Siku hizi hesabu hiyo ni kazi ya kompyuta. Nayo haijui Kiswahili, Kimwera wala Kiingereza. Inajua 0 na 1 tu.

Waandishi wa mwanzo wa programu walilazimika kuipa mashine namba tupu. Ukikosea moja, kazi nzima imeharibika. Mwaka 1952 Mmarekani Grace Hopper alitengeneza programu ya kuikusanyia mashine maagizo, aina ya mkalimani. Mwaka 1957 ikaja FORTRAN, lugha ya kuandikia programu kwa ajili ya wanasayansi. COBOL, iliyobuniwa 1959, ilikuwa ya wahasibu: maagizo yake yanasomeka karibu kama sentensi za Kiingereza, maneno mengi kweli, lakini benki kadhaa duniani hazijaiacha mpaka leo. Lugha ya C ilifuata 1972, Python 1991.

Huku kwetu, Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo jambo hilo linashangaza, ila mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu za Serikali ulikuwa umeshindwa kazi. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye.

Mashine hutii ilichoandikiwa, hata kama mwandishi amekosea. Ukipewa stakabadhi yako ya korosho, rudia hesabu kwa kalamu.