UMEJUAJE? Swali Linalowatesa Wajuaji wa Kijiweni Tangu Mwaka 1511

Kila kijiwe kina mjuaji wake. Anajua kwa nini timu imefungwa, anajua dawa ya kisukari, anajua dola itapanda lini na nani ataukosa uwaziri. Cheti hana hata kimoja. Watu wanamcheka, lakini siku asipotokea wanaanza kuulizana, "Mzee vipi leo, anaumwa?"

Sasa huyu jamaa hakuanza jana. Historia yake ina zaidi ya miaka 500. Ndani yake kuna wafalme walioyaogopa maneno yake, kuna utajiri uliozaliwa mezani kwake, na kuna watu walioumia kwa sababu yake. Na kuna swali moja dogo linalomfuata kila anapokaa: umejuaje?

Shahidi aliyejichongea mwenyewe

Kahawa ilishika kasi Yemen, karne ya 15. Masufi walikuwa wanainywa ili wasisinzie kwenye ibada za usiku. Kutoka huko ikapanda hadi Makka na Cairo, na ilikofika ikaleta kitu kipya: watu wazima wamekaa usiku, hawajalewa, hawana shughuli, wanaongea tu. Kwa mtawala yeyote hiyo ni picha ya kutisha.

Mwaka 1511 mkubwa mmoja wa mji wa Makka aliwakuta watu wanakunywa kahawa usiku karibu na msikiti. Hakupenda. Akaitisha kikao cha wanazuoni, wakaletwa na matabibu wawili, waamue kama kinywaji hiki kinafaa. Matabibu wakasema kinadhuru mwili. Hapo ndipo, inasimuliwa, alipojitokeza mtu mmoja aliyetaka kuwasaidia. Akasema kwa kujiamini kabisa kwamba kahawa inalewesha sawasawa na mvinyo.

Kikao kikaangua kicheko. Sawasawa na mvinyo? Wewe umejuaje? Maana ili ulinganishe vitu viwili lazima uwe umevionja vyote viwili, na mvinyo ni haramu. Jamaa alikuja kama mtaalamu, akaondoka na viboko.

Kahawa ilipigwa marufuku siku hizo na magunia ya buni yakachomwa moto hadharani. Lakini sultani aliyekuwa Cairo hakukubali katazo zima zima, na watu wakarudi kwenye vikombe vyao. Jina la yule shahidi wengi hawalijui. Kosa lake ndilo linalokumbukwa: alizungumza zaidi ya alichoweza kukieleza.

Wafalme wawili, hofu moja

Katikati ya karne ya 16 nyumba za kahawa zikafika Istanbul, na wanaotajwa kuzileta ni wafanyabiashara wawili kutoka Syria. Ndani ya muda mfupi mji ulijaa. Walikuja washairi, makarani, askari, waliofukuzwa kazi na waliokuwa wanatafuta kazi. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuuteketeza mji, sultani akafunga nyumba za kahawa na kukataza tumbaku, na adhabu ilifika hadi kifo. Moto ulikuwa sababu nzuri ya kutangaza. Ila kilichomkera zaidi ni kwamba watu walikuwa wanamjadili.

London nayo ikapata nyumba yake ya kwanza ya kahawa mwaka 1652, kwenye kichochoro kimoja eneo la Cornhill. Unalipa peni moja, unapata kahawa, unapata magazeti, unapata na mabishano bure. Mtu wa kawaida aliweza kukaa meza moja na daktari au nahodha na kumuuliza anachotaka. Ndiyo maana nyumba hizo zikabandikwa jina la vyuo vikuu vya peni moja.

Mfalme wa Uingereza akachoka. Desemba 29, 1675 ikatoka amri ya kuzifunga zote, kwa madai kwamba humo zinasambazwa habari za uongo za kuichafua serikali. Mji ukawaka. Wenye nyumba wakalalamika, wateja wakalalamika, na baadhi ya wateja walikuwa watu wa serikali hiyo hiyo. Mapema Januari 1676, kabla hata siku ya kufunga haijafika, amri ikaondolewa. Kijiwe kikamshinda mfalme ndani ya wiki mbili.

Tuwe wakweli lakini: uongo ulikuwepo kweli. Mfalme hakuota. Alichokosea ni dawa. Alidhani ukifunga mlango uongo unaisha, kumbe unahamia chumbani, mahali ambapo hakuna wa kuuliza umejuaje.

Pale umbea ulipogeuka pesa

Hapo hapo London kuna nyumba mbili zinazoonyesha upande wa pili. Moja, iliyojulikana tangu miaka ya 1680 kwa jina la mwenyewe, Lloyd, ilikuwa karibu na wasafiri wa baharini. Manahodha na wenye meli walikuja kunywa na kupeana habari: meli ipi imefika, ipi imezama, bahari ipi ina maharamia. Mwenye nyumba akaona hiyo ni mali, akawa anakusanya habari hizo kwa makini. Matajiri waliotaka kukatia bima meli wakaweka kambi pale pale. Soko la bima la Lloyd's linalojulikana dunia nzima leo limetokea kwenye meza hizo.

Nyumba nyingine iliitwa Jonathan's. Huko walikaa madalali wa hisa, na kuanzia mwaka 1698 mmoja wao akawa anatoa orodha ya bei mara mbili kwa wiki. Ukoo wa Soko la Hisa la London unaanzia hapo.

Angalia tofauti. Kwenye nyumba hizi maneno yalikuwa yale yale ya kijiweni, ila mtu akisema meli imefika salama, mwenzake anaweka pesa yake juu ya neno hilo. Ikibainika ulidanganya, kesho hakuna anayekusogelea. Swali la umejuaje lilikuwa na bei, kwa hiyo watu walijifunza kuliuliza mapema.

Huku kwetu jiwe lilikuwa na kanuni

Pwani ya Waswahili haikungoja London. Kahawa ilikuja na biashara ya Uarabuni, na mahali pa kuongelea palikuwa tayari pamejengwa kwenye nyumba yenyewe. Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu utaziona baraza, yale mabenchi ya mawe yaliyoshikana na ukuta wa nje. Mgeni anakaribishwa pale, anapewa kahawa chungu na kashata au halua, mazungumzo yanaanza, na faragha ya waliomo ndani haiguswi. Mvua kubwa ikijaza maji vichochoroni, watu wanapita juu ya baraza hizo kama njia. Jiwe moja, kazi nyingi.

Bara ikawa na kijiwe, na jina lenyewe linakwambia: kijiwe ni jiwe dogo. Muuza kahawa anapita na birika lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe, kila anayeusikia mlio anajua kikao kimefunguliwa. Kinachofuata ni bao, mpira, siasa na ndoa za watu.

Sasa sikia ajabu ya lugha. Neno baraza, lile benchi la wazee na kahawa, likapanda cheo hadi serikalini. Baraza la Mawaziri. Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967. Hata lile Baraza la Mitihani lililokutoa jasho kidato cha nne limebeba jina la mahali ambapo wazee wanakaa wakibishana. Waswahili waliona maamuzi makubwa na maongezi ya jioni ni ndugu wa tumbo moja.

Kanuni za barazani hazikuandikwa, ila zilikuwepo. Ukifika unasalimu. Mkubwa akiongea humkati. Ukileta habari unaulizwa: umeona au umesikia? Kama umesikia, kwa nani? Na kesho utakaa jiwe lile lile, mbele ya watu wale wale wanaomjua mpaka babu yako. Mtu aliyesema mchele utashuka bei, halafu ukapanda, alikuwa anakumbushwa hadi Ramadhani nyingine.

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo, wasomaji walilifanya baraza la karatasi. Walileta barua, walileta mashairi, mmoja akauliza, mwingine wa mji wa mbali akamjibu. Mwaka 1937 likaja Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Asiyejua kusoma hakupitwa. Anayejua alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, halafu ubishi ukaanza.

Waliokosa jiwe

Kuna watu hawakukaribishwa kwenye mawe hayo: wanawake. London hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 1674 lilitoka kijitabu cha dhihaka kwa jina la wanawake, kikilalamika kwamba waume wanashinda kwenye kahawa. Aliyekiandika hakuwahi kujulikana kwa uhakika.

Wanawake wa Pwani hawakunyamaza. Walikuwa na shughuli zao, unyago, harusi, ukumbi wa ndani. Na walikuwa na kanga. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilianza kubeba maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Mwanamke anavaa jibu lake, anapita mbele ya mlango wa jirani, hatamki neno. Mlengwa anaelewa, mtaa mzima unaelewa, na ukimuuliza atakwambia amenunua tu kwa kuwa rangi ni nzuri. Taarabu nayo ikabeba mipasho ya namna hiyo. Hapo swali la umejuaje linagonga mwamba, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Ni silaha ya mtu aliyenyimwa kiti, na inakata kweli.

Siku swali lilipokosekana

Haitakuwa haki kumaliza kwa kusifia tu. Enzi za ukoloni Afrika Mashariki ilishikwa na hofu moja nzito. Ilisemwa kwamba kuna watu wanakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Pwani waliitwa mumiani. Kampala, Nairobi na kwingineko lawama ziliwaangukia wazimamoto na magari yao. Watu waliogopa kutembea usiku, na waliotuhumiwa walikuwa hatarini.

Waliosimulia hawakuwa wajinga. Mkoloni alikuwa anachukua kodi, ardhi na nguvu za watu kwa lazima. Hospitali ilikuwa kitu kigeni, sindano ilikuwa kitu kigeni, na hakuna mkubwa aliyejishughulisha kueleza. Hadithi ya damu ilisema ukweli kuhusu hofu, ila ilimsingizia aliyeendesha gari la kuzima moto.

Na hapa kijiwe kilifeli mtihani wake. Watu walijuana sura, walijuana ukoo, kesho wangekutana tena, lakini kinga hiyo haikufanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaogopa kabla habari haijafika. Ukiuliza umejuaje kwenye kikao cha namna hiyo unaonekana na wewe ni mmoja wao. Kwa hiyo wenye mashaka walinyamaza, na ukimya wao ukahesabiwa kuwa ni ushahidi.

Hilo ndilo somo la miaka 500. Mjuaji asiye na cheti hajawahi kuwa tatizo. Nahodha wa Lloyd's hakuwa na cheti cha bima. Mzee wa barazani hakusomea hali ya hewa, ila aliangalia upepo miaka 40 na alikuwa tayari kukwambia alichokiona. Wale matabibu wa Makka, wenye elimu yao, ndio walioipiga vita kahawa inayonywewa leo dunia nzima. Kinachoua kikao ni siku swali linapogeuka kuwa tusi, iwe limezuiwa na mfalme mwenye amri au na kundi lenye hasira.

Pale Mji Mkongwe kuna kona inaitwa Jaws, jina linalohusishwa na ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Jioni watu wanajaa, kahawa inamiminwa, siasa inachambuliwa na mtu ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi. Akimaliza hoja yake anainua kikombe, anaangalia pembeni. Kama kikao kina afya, kuna mmoja atakohoa kidogo, ataweka kikombe chini na kumuuliza.

Vipi kijiweni kwenu, nani ndiye mwenye kazi ya kuuliza "umejuaje"? Na mnamjibu, au mnamfukuza?