Stendi Inalika kwa Kungoja

Nduthi ya Baba ilimwangukia Aprili ikiwa imesimama. Hakukuwa na gari, hakukuwa na mvua. Alikuwa ameiegesha kwa stendi kubwa, ile ya katikati, mama mmoja akimsaidia kufunga gunia la mahindi nyuma, na stendi ikakunjika. Gunia likaenda kando, nduthi ikalala juu ya mguu wake wa kulia. Wiki sita za plasta.

Mimi nilikuwa Nairobi, mwaka wa pili tangu niache chuo, nikiandika makala za watu wasiolipa kwa wakati. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mzee alijua. Stendi hiyo alikuwa ameichomelea mara tatu.

Stendi ya katikati ni kitu rahisi. Miguu miwili ya chuma, shafti moja inayopita chini ya fremu, na springi ya kuirudisha juu. Ukiikanyaga na kuvuta nduthi nyuma, tairi la nyuma linaachana na ardhi. Hapo ndipo unaweza kukaza cheni, kuziba pancha, au kupakia mzigo bila mtu wa kukushikia. Miguu ikilika, tairi linagusa chini na nduthi inaanza kuyumba. Fundi wa mtaani anachomelea kipande cha nondo. Nondo inarudisha kimo, lakini tundu la shafti likishapanuka, limepanuka.

Kwetu ni Busia, na historia ya bodaboda imeanzia huko mpakani, miaka ya 1960. Kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda kulikuwa na kipande cha njia cha kutembea. Vijana wa baiskeli wakaanza kuvusha watu na mizigo, wakiita abiria kwa jina la kule wanakokwenda: border, border. Neno likakaa mdomoni likawa letu.

Baiskeli zenyewe zilikuwa zile nzito tunazoita Black Mamba. Ziangalie vizuri siku moja. Stendi yake iko nyuma, kwenye ekseli, inainua gurudumu zima. Pikipiki nyingi za kwanza za Ulaya zilikuwa na stendi ya aina hiyo hiyo, kabla ya stendi kusogezwa katikati chini ya injini. Kwa hivyo Baba, aliyeanza na Black Mamba mwaka 1996, alipopanda pikipiki hakukuta kitu kigeni. Alikuta stendi imehama.

Alihama naye kwa sababu ya bajeti. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Bei ikashuka, na kufikia 2010 pikipiki zaidi ya laki moja zilikuwa zinasajiliwa nchini kwa mwaka mmoja. Mwenye baiskeli alikuwa na chaguo mbili: akope, ama abaki akitazama abiria wake wakipita. Baba alikopa.

Historia tunayosoma huishia kwa hizo namba, kana kwamba bodaboda ni mwendo tu. Lakini nenda steji yoyote saa nne asubuhi. Utaona watu wamekaa juu ya nduthi zilizosimama, wengine wamelala kabisa, kichwa juu ya tangi. Stendi iliyoundwa kubeba mashine inabeba mashine pamoja na mtu, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Tairi linalika kwa safari. Stendi inalika kwa kungoja.

Nilinunua stendi mpya Kirinyaga Road nikapanda basi la usiku.

Asubuhi tuliweka kipande cha mbao chini ya injini. Baba alikaa kwa stuli, mguu mbele, akitoa amri. Nilivuta springi kwa kamba, nikatoa pini ya kufunga, nikagonga shafti kwa nyundo mpaka ikatoka. Ilikuwa imelika upande mmoja tu.

"Shafti umenunua?"

Sikuwa nimenunua.

"Ukiweka stendi mpya kwa shafti ya zamani, baada ya miezi mitatu utaokota mtu mwingine hapa chini. Nenda sokoni."

Nilienda, nikarudi. Tulipaka grisi, tukafunga. Nikiwa bado chini, nikamuuliza kwa nini hakubadilisha mapema, kitu cha bei kama hii.

"Kila nikishika pesa ilikuwa ni stendi ama fee yako."

"Lakini niliacha, Baba. Ni miaka miwili."

"Wewe uliacha. Sacco haijaacha. Ile semesta ya mwisho bado nailipa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nikiacha chuo nitakuwa nimemtua mzigo, na sikuwahi kuuliza amebaki na nini.

Aliniambia nipande, nikae, nijitikise. Tairi la nyuma lilizunguka hewani. Nduthi haikuyumba.

Sasa namtumia kitu kidogo kila makala ikilipwa, moja kwa moja kwa Sacco. Ile stendi ya zamani, na nondo zake zote tatu, aliiuza kwa mtu wa skrapu. Ilipimwa kwa kilo.