Udongo wa Viriba

Historia ya kilimo tuliyofundisha vyuoni ilikuwa historia ya mazao: kahawa iliingiaje, migomba ilitoka wapi, nani alileta mikaratusi. Udongo wenyewe haukuwa na historia. Ulihesabiwa kuwa mahali tu pa kusimamia. Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na sasa katika kustaafu kwangu hapa Karagwe nimefikia kuamini kwamba udongo nao hutunza kumbukumbu, na kwamba tusipoisoma tutawalisha wajukuu wetu kile tulichokizika wenyewe.

Tuanze na mchwa. Yeyote aliyewahi kupanda mikaratusi katika rweya za Karagwe, au kule Kyerwa ambako hadi mwaka 2012 kulikuwa sehemu ya wilaya hii hii, anajua kuwa adui wa kwanza wa mche si jua wala mbuzi. Ni mchwa. Hukata mzizi chini ya ardhi, na siku unapouona mche umenyauka, ukiuvuta unatoka mkononi kama kijiti. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia, na ukiwa mchanga hauna kinga ya kutosha mbele ya mchwa wa Afrika. Kwa sababu hiyo, kwa miongo kadhaa, wataalamu wa misitu katika nchi nyingi za bara hili walielekeza kwamba udongo wa kujazia viriba uchanganywe na aldrini au dieldrini. Sumu ikauzunguka mzizi, na mche ukaenda nayo shambani.

Majina ya madawa hayo yanatokana na wanakemia wawili wa Ujerumani, Otto Diels na Kurt Alder, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Sifa iliyoyauza ilikuwa moja: yanadumu. Mkulima alitia mara moja, akasahau. Ndiyo maana dieldrini ilitumika pia dhidi ya fukusi wa migomba katika Afrika Mashariki, mpaka fukusi wenyewe walipoanza kuizoea.

Katika chuo kimoja nilichofundisha, ambacho sitakitaja, kujaza viriba kulikuwa sehemu ya elimu ya kujitegemea. Unga ulimwagwa juu ya lundo la udongo, wanachuo wakachanganya kwa koleo, na waliokosa koleo wakachanganya kwa mikono. Glavu hazikuwapo. Kengele ya chakula ilipolia walinawa katika ndoo moja, na maji ya ndoo ile yakamwagwa palepale kitaluni. Miaka ilipita, kitalu kikahamishwa, na mahali pale pakapandwa maboga kwa kuwa ardhi ilikuwa nyeusi na maji yalikuwa karibu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye jambo. Jamii ya maboga na matango ina tabia ambayo mazao mengi hayana: mizizi yake huvuta dieldrini kutoka udongoni na kuipandisha hadi kwenye tunda. Na dieldrini ikishaingia mwilini hukaa katika mafuta, ikapita hata katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliiweka pamoja na aldrini katika orodha ya kwanza ya kemikali 12 za kukomeshwa. Mkataba ulifunga duka. Haukuosha kitalu.

Je, ni nani atakayekiosha? Jibu la matumaini linatoka kwa vijiumbe vya udongo, yaani bakteria na kuvu wasioonekana kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanabotania Audus wa London alionyesha kwamba dawa ya magugu iitwayo 2,4-D humalizwa udongoni na viumbe hai, na kwamba udongo uliokwisha kuizoea huimaliza upesi zaidi. Mwaka 1973, huko Ufilipino, Sethunathan na Yoshida walitoa taarifa ya bakteria kutoka shamba la mpunga aliyeweza kuifanya diazinoni kuwa chakula chake. Sumu kwa mdudu, ugali kwa bakteria!

Lakini mwalimu hapaswi kuishia kwenye habari njema. Vijiumbe hivyo hivyo huigeuza aldrini kuwa dieldrini, ambayo hudumu zaidi. DDT nayo, penye hewa, huigeuza kuwa DDE, ambayo ni sugu. Tunao mfano wetu wa nyumbani. Mwaka 1986 takriban tani 170 za viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, zilifikishwa katika shamba la serikali la Vikuge, Kibaha. Ghala liliporomoka na sumu ikaingia ardhini. Watafiti wetu walipopima udongo wa pale miaka mingi baadaye, walikuta DDT pamoja na mabaki yake. Vijiumbe vilikuwa vimefanya kazi, ila mzigo ulizidi mbebaji.

Kwa hiyo vijiumbe ni vibarua, si wachawi. Kibarua anataka chakula, maji, hewa na muda. Waswidi walilielewa hilo walipojenga mwaka 1993 shimo la kwanza la kunasa sumu mahali pa kujazia na kuoshea mabomba ya kunyunyizia. Waliweka nusu majani makavu ya nafaka, robo mboji ya kinamasi na robo udongo, kisha wakaotesha nyasi juu. Kuvu wanaoozesha majani yale hutoa vimeng'enya vinavyovunja hata viuatilifu vingi vya leo. Wakulima wa Guatemala nao waliiga, kwa malighafi za kwao.

Nikisoma habari hizo naona kibanja. Muda mrefu kabla Speke hajafika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, watu wa nchi hii walikuwa wakirudisha migombani majivu, samadi, maganda na majani makavu. Hawakuwa na darubini, lakini waliwalisha vibarua wao kila siku. Na katika muongo wa 2010, shirika la MAVUNO hapa Karagwe pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walijaribu mboji iliyochanganywa na vumbi la mkaa, na mahindi yakaitikia vizuri mno. Lengo lao lilikuwa rutuba, lakini vumbi la mkaa lina faida nyingine inayojulikana: hushika sumu nyingi, mmea usizipate kwa urahisi.

Ushauri wangu kwa walimu wa Karagwe na Kyerwa ni huu. Ulizeni wazee kitalu cha zamani kilikuwa wapi, na mchore ramani yake kabla wazee hao hawajaondoka. Pale msipande maboga, matango wala viazi. Pandeni miti ya mbao, mtandaze majani makavu, mtie mboji na vumbi la mkaa, muiache ardhi na vibarua wake. Udongo ule msiuhamishie kwa jirani. Na kwa madawa mnayotumia sasa, chimbeni shimo la majani makavu, mboji na udongo mbali na kisima, mabomba yaoshewe hapo.

Dieldrini huweza kukaa ardhini miaka mingi kuliko mwalimu anavyokaa kituoni, na mkuu mpya anapofika hukuta ardhi nyeusi na maji karibu. Kinachoweza kumwonya ni maandishi. Basi yaandikwe katika daftari la shule, ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka.