Kabla umwite komredi mchoyo, uliza boom ilienda wapi

Kila muhula kampo huwa na stori zake tatu. Kuna msee haonekani kwa kazi ya kikundi, lakini anataka jina lake liwe kwa karatasi. Kuna dame ameacha komredi wake akaenda na mtu ako na mshahara. Na kuna marafiki wawili walikuwa wanaishi keja moja, sasa hawasalimiani juu ya rent. Majibu yetu huwa tayari: huyo ni mvivu, huyo anapenda pesa, hao hawakuwa marafiki wa ukweli.

Mimi naona tunakimbilia tabia na kusahau historia. Hizi stori ziko na mzizi, na mzizi mkubwa uko mwaka wa 1991.

Turudi nyuma kidogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujisimamia kama chuo kikuu kamili mwaka wa 1970. Nchi ilikuwa changa, ilihitaji walimu, madaktari na maafisa wa serikali, kwa hivyo serikali ililipia wanafunzi wake. Kuanzia 1974 ukaja mpango wa mikopo. Serikali ilibaki na karo, mkopo ukashughulikia malazi, chakula na pesa za matumizi. Hizo pesa za mkononi ndizo wanafunzi walibatiza "boom".

Fikiria hiyo maisha. Unalala hosteli, unakula kantini bila kuhesabu sarafu, halafu boom inaingia. Mjomba wangu alisoma miaka ya themanini, na hupenda kusema kwamba wiki ya boom hakukuwa na mwanaume bila mpenzi. Anacheka sana akisema hivyo. Shangazi huwa hacheki.

Lakini kuna kitu kwa hiyo stori kinanishika kuliko pesa yenyewe. Boom ilikuwa inaingia kwa wote wakati mmoja. Mtoto wa mkulima na mtoto wa karani walikuwa wanasota pamoja, na wanapata pamoja. Ukimkopa rafiki leo, ulijua atakukopa wewe kesho. Ukimtoa dame deti, mnajua nyote wawili pesa imetoka wapi na itaisha lini. Ni rahisi sana kuwa rafiki mzuri kama nyote mko na kalenda moja ya kusota.

Tusiwapambe sana lakini. Nafasi zilikuwa chache, na vijana wengi waliopita mtihani waliachwa nje. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kilifungwa kwa muda mrefu. Na hiyo mikopo, wengi walimaliza masomo wakasahau kulipa.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Mwaka wa 1988 serikali ilitoa sera ya kugawana gharama za elimu na wazazi, wakati ambapo Benki ya Dunia ilikuwa inasukuma nchi kama yetu zipunguze matumizi. Mwaka wa 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo: wa mwisho wa mfumo wa zamani na wa kwanza wa 8-4-4. Mwaka uliofuata, boom ikakatwa. Wanafunzi wakaambiwa walete shilingi 6,000, na chakula kikawekwa chini ya mfumo ulioitwa PAYE. Hapana, si ile kodi ya mshahara. Hii maana yake ilikuwa ukilipa ndio unakula. Wanafunzi waliandamana, vyuo vikafungwa, lakini boom haikurudi.

Hapo ndipo hustle ya kampo ilikua. Watu walianza kupikia ndani ya vyumba, kuuza mkate na sigara mlangoni, kutafuta vibarua. HELB ikaanzishwa 1995 kupanga mikopo upya na kufuata wale wa zamani walipe. Mwaka wa 1998 Nairobi ikafungulia milango wanaojilipia karo, wale wa parallel. Sasa darasa moja likawa na mtu ametoka ofisini na gari, na mwingine ametembea kwa miguu juu mkopo haujaingia. Kalenda moja ikavunjika ikawa kalenda mia.

Angalia sisi sasa. Mmoja anauza mtumba, mwingine anaendesha boda, mwingine anakesha akiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mfumo wa ufadhili wa 2023 umetupanga kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, na roommate wawili wanaweza kuwa na deni tofauti kabisa. M-Pesa ilipokuja 2007, hata mapenzi yakapata risiti: tunajua nani alituma fare na nani aliikula.

Kwa hivyo yule msee haonekani kwa kikundi, pengine yuko shift ya usiku. Rafiki yangu mmoja alikuwa anatoka kazi saa kumi na moja asubuhi na kuingia darasani saa mbili. Alipoteza dame na marafiki wawili muhula mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza analala saa ngapi.

Sisemi kila mtu asamehewe. Kuna wavivu, na kuna watu hula fare kwa roho safi. Lakini kama unaishi na mtu, muulize pesa yake huingia lini, na umwambie yako. Pangeni kikundi kulingana na shift za watu. Kama huwezi deti ya mjini, sema huwezi, mtembee Uhuru Park.

Boom haiwezi kurudi kwa sababu mimi na wewe tumeongea. Ile kalenda moja, hiyo tunaweza kujaribu kuitengeneza wenyewe, hata kama ni ya watu wawili ndani ya bedsitter.