Chujio: Kutoka Nyasi za Rubisi Hadi Utando

Ndugu mkulima wa Bukoba na Muleba, leo tuzungumze juu ya chujio. Usicheke, maana kazi hii unaijua. Unapokamua ndizi za rubisi, nyasi hubakiza makapi, maji ya ndizi yakapita.

Wataalamu nao wana chujio la maji machafu liitwalo utando. Ni kama karatasi au mirija myembamba ya plastiki, yenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Ukigawa milimita moja mara elfu kumi, tundu ni kama sehemu moja tu. Bakteria wengi hawapenyi.

Je, lilitoka wapi? Mwaka 1914 Ardern na Lockett, huko Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba maji taka yakipulizwa hewa na tope lake likatunzwa, vijidudu hula uchafu. Miaka ya 1960 Wamarekani wakaongeza utando, lakini pampu zikala umeme mwingi. Mwaka 1989 Yamamoto na wenzake, huko Japani, wakatumbukiza mirija ndani ya tangi lenyewe, umeme ukapungua.

Afrika nayo haikulala. Windhoek, Namibia, ilianza mwaka 1968 kusafisha maji taka mpaka yakanyweka. Mwaka 2002 mtambo mpya ukaja na utando. Lakini sikiliza vizuri: utando huo hautangulizwi. Maji hupita kwanza kwenye mchanga na makaa maalumu. Ukiuletea tope moja kwa moja, huziba.

Basi, hatua za kwanza ndizo zetu, nazo hazihitaji umeme. Maji ya kumenyea kahawa ni makali. Yakiingia kijitoni huyanyima maji hewa, na samaki hufa. Chimba shimo mbali na kisima, yatue humo. Maganda yapeleke kwenye mboji ya kibanja.

Na mafunjo ya bondeni usiyafyeke yote. Hushika tope na kunyonya mbolea iliyoyeyuka, ambayo utando wa namna hii hauishiki. Magugumaji yalipolivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yalinenepa kwa mbolea na taka zilizotoka huku nchi kavu. Wavuvi wetu walikwama mwaloni.

Ndugu mkulima, utando ukifika kwako siku moja, utakuwa chujio la mwisho. La kwanza ni shimo lako na bonde lako. Mjukuu wako atateka maji ziwani humo humo.