Land Rover ya mjomba: toka gari la serikali mpaka gari la kabichi

Jumapili, saa nne usiku. Hosteli, SUA.

Najua nimepotea. Majaribio yalinibana wiki mbili, halafu bumu nalo likachelewa, yani hata vocha ilikuwa shida. Leo nimerudi, lakini sina stori za kafeteria. Nina stori ya gari.

Jumapili iliyopita mjomba wangu alinipigia simu toka Nyandira, kule Mgeta. Tulivyomaliza salamu akaniambia: "Mjomba, wale jamaa wa vyuma chakavu wamekuja tena. Safari hii wanaitaka bodi nzima, wanapima kwa kilo. Wewe ndo msomi wetu, hebu niambie, niwape?"

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, ya kijani iliyopauka. Bodi yake ni alumini, na alumini ikishapimwa kwa kilo mnajua inakwenda wapi: inayeyushwa inakuwa sufuria. Sasa sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, na mpwa kwa mjomba wake si mpita njia. Nisingeweza kumjibu kirahisi tu "uamuzi ni wako". Nikamwomba wiki moja. Wiki hiyo nimeitumia kusoma habari za hili gari badala ya kupiga desa (msiniige), na haya ndo niliyoyapata.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani hoi. Kampuni ya Rover ilizoea kutengeneza magari ya watu wenye nafasi zao, lakini sasa chuma kilikuwa cha mgao, na aliyepewa ni yule aliyeuza bidhaa nje ya nchi. Mhandisi wao mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, kule Wales, na shambani alitumia jeep kuukuu ya Kimarekani iliyobaki toka vitani, aina ya Willys. Ikawa inamwumiza kichwa: hii ikifa, nitanunua nini? Hapakuwa na gari la Kiingereza la kazi hiyo. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa bosi wa kampuni, wakaamua kutengeneza la kwao. Mfano wa kwanza uliwekewa usukani katikati, kama trekta! Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, bei yake pauni 450.

Hapa ndo nilipopenda mimi. Karibu kila kitu tunachokisifia kwenye gari hili kilitokana na shida. Chuma hakikupatikana, basi bodi ikatengenezwa kwa alumini iliyochanganywa, ambayo haishiki kutu kama bati. Pesa ya mashine kubwa za kukunjia bodi haikuwepo, basi vipande vingi vikawa bapa, vinavyokunjwa kirahisi na kufungwa kwa bolti. Rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa ya mabaki ya ndege za vita. Na gari liliuzwa kwa wakulima: ungeweza kuchukua nguvu ya injini kwa shafti ukazungushia mashine za shambani. Wana-SUA wenzangu, mnaona? Huyu ni mwenzetu, wa kilimo kabisa! Wakubwa wa Rover walidhani ni biashara ya miaka miwili mitatu mpaka hali itengemae. Mwaka 1976 likatoka la milioni moja, na uzao ule wa zamani haukukoma mpaka tarehe 29 Januari 2016.

Lakini huku kwetu halikufika kama gari la mkulima. Lilifika kama gari la serikali. Miaka ya 1950 tawala za Waingereza Afrika nzima zilikuwa zikijaza Land Rover kwenye idara zao, na miaka hiyohiyo ndiyo Uluguru ilikuwa inachemka. Kulikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, kwa kifupi ULUS, uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Upande wa Mgeta matuta yaliwafaa watu wa mboga. Upande wa Matombo udongo wa juu ni mwembamba, ukichimba ngazi unafukua udongo usio na rutuba, mazao yanapungua. Watu wakafanyishwa kazi kwa amri na faini. Mwezi Julai 1955 Matombo wakagoma, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Kwa wazee wa enzi hizo gari la serikali likionekana linapanda mlima lilikuwa na maana moja tu: amri imekuja.

Baada ya uhuru likabaki la serikali, ila sasa serikali yetu. Bwana shamba, bwana afya, mkuu wa wilaya, jeshi, mashirika ya umma, misheni, wote walipanda Land Rover. Mtu binafsi kuwa nalo? Labda mwenye shamba kubwa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, mafuta adimu, na Jumapili ikipita saa nane mchana magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani. Wenzetu wa leo na magari ya mtandaoni hatuwezi hata kuipata picha hiyo.

Mtaani gari hili limetuachia neno. Land Rover ya aina mpya zaidi ilipewa jina la Defender mwaka 1990, polisi wakaitumia sana, na mpaka leo ukisikia "difenda" imepita ujue ni polisi, hata kama gari lenyewe ni Toyota! Mshindani huyo alianza mbali. Toyota walitengeneza gari lao la namna hii mwaka 1951, wakalipandisha mlima Fuji kulijaribu, na mwaka 1954 wakaliita Land Cruiser. Kiwanda cha Waingereza kikaingia kwenye matatizo ya British Leyland, kampuni iliyolazimika kuokolewa na serikali mwaka 1975, wakati Wajapani wanaleta injini kubwa zaidi na spea za uhakika. Kidogokidogo wakubwa wetu wakahamia kwenye mashangingi. Land Rover ikashuka cheo.

Na kushuka cheo kwake ndiko kulikotufaidisha watu wa milimani. Miaka ya 1990, mashirika yakipunguzwa na mengine kuuzwa, magari yao yakapigwa mnada. Mjomba alikuwa dereva wa ofisi moja mjini. Mwaka 1996 ofisi ikaliuza gari lile alilokuwa analiendesha yeye mwenyewe. Akachukua kiinua mgongo, akauza na ng'ombe wawili wa bibi (bibi hakumsamehe mpaka mavuno yaliyofuata), akalinunua. Jana alikuwa anamfungulia bosi mlango. Leo anapakia kabichi.

Ambao hamjafika Mgeta, njia ni hii: unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga karibu na Mzumbe, halafu unaanza kupanda kwenda Langali mpaka Nyandira. Kiangazi magari mengi yanajaribu. Masika ni habari nyingine: udongo mwekundu unateleza kama sabuni, upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde. Hapo ndo mjomba anaushika ule mkono wenye kichwa chekundu, anauvuta nyuma, gia nzito zinaingia na magurudumu yote manne yanashika. Gari linapanda taratibu kuliko mtu anayetembea, lakini linapanda. Linashusha kabichi, karoti, njegere na viazi, linapandisha saruji, chumvi, mabati na watu. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo.

Sasa kuna watu wanaosimulia Land Rover kama gari lisiloharibika. Jamani, tusidanganyane. Linaharibika! Madereva wenyewe wana utani kwamba likiacha kuvuja oili ujue imeisha. Siku moja nikiwa darasa la sita tulipakia magunia kupita kiasi, tamaa yetu wenyewe, na shafti ya nyuma ikakatika kwenye kona. Mjomba hata hakugomba. Akafungua bolti chache katikati ya gurudumu, akaivuta shafti ikatoka bila hata kupiga jeki, tukashusha nusu ya mzigo, akaingiza gia za mbele, na magurudumu ya mbele yakatuvuta mpaka nyumbani. Injini ya petroli iliyokuja nalo ilishashushwa zamani, ikafungwa ya dizeli ya Kijapani. Springi zimebadilishwa jani moja moja. Fundi wake ana spana, nyundo na mti wa mwembe.

Kwa hiyo nilivyoelewa mimi, uimara wake si kwamba halifi. Ni kwamba ugonjwa wake unaonekana kwa macho na dawa yake iko mikononi mwa watu wa hapohapo. Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019, inayotengenezwa Slovakia, ni gari zuri sana, lina raha zote. Ila likizima Nyandira linahitaji kompyuta, na kompyuta iko mjini.

Upande wa pili pia niuseme. Watu kukaa juu ya magunia ni hatari, na nimeshuhudia mara mbili tukikaribia kwenda bondeni. Bodaboda zimechukua abiria wengi. Macho ya mjomba si ya zamani. Spea zingine mpaka uulizie Arusha, ambako Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika kwa tamasha, wakitaka kuipiku rekodi ya Wajerumani. Nikiangalia zile picha zilizong'arishwa nilicheka. La mjomba lingefika pale na matope na majani ya kabichi.

Lakini kuna usiku mmoja wa masika siwezi kuusahau. Jirani alishikwa uchungu, mtoto amekaa vibaya, mvua imekata njia. Bodaboda wawili walikataa, na hawakukosea, mama mjamzito utamfungaje nyuma ya pikipiki kwenye utelezi ule? Mjomba akatandika magodoro juu ya magunia matupu, wanawake watatu wakapanda naye kumshika. Walitoka saa tano usiku, wakafika hospitali mjini alfajiri. Yule mtoto sasa yuko darasa la nne. Kwenye mizani ya chuma chakavu hilo halina kilo.

Basi leo mchana nikampigia. Nikamwambia: "Mjomba, usiiangalie bodi, alumini haiozi. Kinachoua hizi gari ni chasisi, ile ni chuma. Chukua nyundo, ingia uvunguni, igonge yote toka mbele mpaka nyuma. Ikilia, tunalo gari. Ikitoboka, tuwape watu sufuria zao."

Akaguna tu. Jioni ndo akanipigia, anahema kama ametoka kulima. "Inalia, mjomba. Yote. Isipokuwa ile boriti ya nyuma kabisa, nyundo imezama kama kwenye ndizi mbivu."

Boriti moja! Hiyo inakatwa, inachomelewa nyingine, kazi ya siku mbili. Nikamwambia awaambie wale jamaa wasirudi, na bumu likitoka elfu hamsini ya vijiti vya kuchomelea naweka mimi. Akacheka, akasema, "Basi ukimaliza hicho chuo uje ujifunze kuliendesha, maana mimi sioni tena usiku."

Hapo ndo nimekwama wadau. Leseni sina, na nina mtihani wa udongo Jumatano. Kama kuna mwenzetu ambaye mzee wake ana springi za 109 zimekaa tu stoo, anistue tukikutana kafeteria. Usiku mwema.