Kigango na Kinywaji: Juu ya Sanaa Iliyohamishwa katika Pwani ya Kenya

Historia ya sanaa ya Pwani imeandikwa zaidi kwa kutazama vitu, na kwa nadra kwa kuzingatia mazungumzo yaliyovizunguka. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo ni wetu pia sisi wahakiki wa fasihi.

Tuanze na jioni moja huko Mkomani, ng'ambo ya daraja la Nyali, katika baa ambayo kuta zake ni maonyesho ya picha. Wateja walikunywa chini ya michoro yenye bei. Kando ya kaunta ulisimamishwa mti uliochongwa kwa namna ya kigango: kichwa cha duara bapa, kiwiliwili chembamba, pembetatu zilizokatwa kwa safu. Mhudumu, kijana wa Kigiriama, alipoulizwa habari zake alijibu: "Hiki ni cha kuiga, mwalimu. Kingekuwa cha haki, nisingekubali kufanya kazi humu usiku."

Jibu hilo lina historia yake. Kwa Wagiriama, kigango husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye mali na hadhi. Hakiigi sura yake wala hakikai kaburini. Ni mahali pa kusema naye pale nyumbani. Wazee humwita kwa jina, humweleza shida za ukoo, humpa chakula na mnazi. Kikisha kusimikwa hakihamishwi, hata watu wa mji ule wakihama. Kwa hiyo uchongaji na kinywaji vilikutana katika pwani hii kabla ya baa yoyote ya picha, ila aliyenyweshwa ni yule aliyechongewa. Katika baa mambo yamepinduka: mtazamaji hunywa, mti hukaa mkavu.

Kuanzia miaka ya 1970 biashara ya vinyago ilivipeleka vigango vingi ng'ambo, na wizi ukaandamana nayo. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kaloleni akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Aliporudi kumpelekea picha ile, vigango vilikwisha kuibwa. Baadaye vilitambuliwa katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani, Illinois State na Hampton, vikarejeshwa kwa jamaa mwaka 2007. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2019 vingine 30 vilirudi Kenya kutoka makumbusho ya Denver.

Fani yetu nayo ina mfano wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840), ambayo mengi ni maneno ya kuambiana na watu wa zama zake, yalikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishenari William Taylor. Miswada ilifika London, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani. Mashairi hayo pia yalihamishwa. Lakini Mwalimu Sikujua aliyaandikia maelezo ya matukio na ya watu waliokusudiwa, na kwa sababu hiyo bado twasikia ndani yake sauti ya mtu anayemjibu mwenzake. Picha ya 1985 ilifanya kazi iyo hiyo: ilishuhudia nani alisimika na mbele ya nani vigango vile vilikuwa na maana. Bila ushahidi huo, vingebaki kuitwa "sanamu, Kenya".

Yafaa basi tujiulize kuhusu madarasa yetu. Tunapompa mwanafunzi shairi lenye anwani, jina la mtunzi na mwaka tu, tumelitundika kama picha za baa ile. Swali la nani anaambiwa si pambo la uhakiki, bali ni sehemu ya matini. Jioni ile tulikuwamo wasomi kadhaa, na aliyelikumbuka swali hilo ni mhudumu peke yake.